Mguu Haunyooshwi kwa Kisu Pekee

Mama mmoja alifika katika kliniki niliyokuwa nikifanya kazi akiwa amembeba mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto huyo nilimfahamu. Alizaliwa na mguu kifundo, yaani wayo wake wa kulia ulikuwa umepinda kuelekea ndani na kisigino kimevutwa juu. Tulimfunga plasta sita, moja kila juma. Kisha daktari akaikata kano ya kisigino kwa kisu chembamba, na baada ya majuma matatu tulipoifungua plasta ya mwisho, mguu ulikuwa umenyooka sawa na mwenzake. Siku hiyo sote tulifurahi, na mama akapiga vigelegele mlangoni. Sasa, alipokuwa amerudi mbele yetu, mguu ulikuwa umeanza kupinda tena, na mtoto alikanyaga kwa ubavu wa nje wa wayo.

Nilimwuliza mama habari za vile viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau ambavyo mtoto alipaswa kuvaa kila usiku. Hakunificha. Mtoto alivivaa kwa miezi michache huku akilia usiku. Mama mkwe akasema kwamba katika ukoo wao hajapata kuona mtoto akilazwa na pingu miguuni. Majirani nao walikuwa na maneno yao. Nauli ya kuja kliniki ikawa ngumu kupatikana, na mwishowe viatu vikasukumwa uvunguni mwa kitanda. Baada ya kueleza hayo, aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Lakini daktari, si ninyi wenyewe mlioniambia kwamba mguu umepona?"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba inayotumia mazoezi, mikono na vifaa vya kusaidia viungo. Hata hivyo, swali lile lilikuwa la haki, na lilielekezwa kwa mtu aliyestahili kulijibu. Ni kweli tulimwambia kwamba mguu umepona. Tulipaswa kumwambia kwamba mguu umenyooka, na kwamba kuponya ndiko kunakoanza.

Maoni yangu, ambayo nitajaribu kuyatetea, ni kwamba tumezoea kuuona upasuaji kuwa ndiyo tiba yenyewe, na yanayofuata kuwa ni nyongeza tu, mithili ya soga baada ya karamu. Kwa upande wa mguu, mpango huo ni kinyume cha ukweli. Kisu hufungua njia. Safari yenyewe hufanywa baadaye, nyumbani na shuleni, na wasafiri ni mgonjwa na jamaa zake. Nawaandikia walimu na wanafunzi wa shule za sekondari kwa sababu wengi wa jamaa hao ni ninyi.

Mguu kifundo ni nini

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na mguu kifundo. Wavulana hupatwa mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao hupindika miguu yote miwili. Urithi una sehemu katika jambo hili, ingawa sayansi haijakifahamu chanzo chake kikamilifu. Hautokani na uchawi, wala si adhabu kwa kosa alilotenda mama alipokuwa mjamzito. Jambo hili halina budi kusemwa wazi, kwa kuwa akina mama wengi wamebeba lawama isiyokuwa yao.

Mguu wa binadamu, kuanzia kifundo hadi vidole, una mifupa 26. Miguu miwili basi ina mifupa 52, ambayo ni robo ya mifupa yote 206 ya mwili wa mtu mzima. Mifupa hiyo hushikwa pamoja na mishipi migumu, na huvutwa na kano zinazotoka kwenye misuli. Katika mguu kifundo, mishipi na kano za upande wa ndani na wa nyuma ni fupi na ngumu kupita kiasi, kwa hiyo mifupa huvutwa ikakaa mahali pasipo pake. Mtoto asipotibiwa hukua akikanyagia ubavu wa wayo, au hata mgongo wake. Ngozi ya mahali hapo huota sugu, hupasuka na kuuma. Viatu vya kawaida havimwingii. Shule iliyo mwendo wa saa moja kwa wenzake, kwake huwa mbali mno.

Habari njema ni kwamba mtoto mchanga hana mifupa migumu kama yetu. Sehemu kubwa ya mifupa ya wayo wake bado ni gegedu, kitu laini kinachoweza kubadili umbo kikielekezwa taratibu. Mishipi na kano nazo zimejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo zikivutwa kwa nguvu na ghafula huchanika, lakini zikivutwa polepole na kuachwa katika mvuto huo kwa siku kadhaa, hulegea na kurefuka. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika jambo hili methali hiyo ni elimu ya viungo iliyo kamili.

Somo la zamani, jawabu la karibuni

Wazo la kuunyoosha mguu taratibu si geni. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anahusishwa na maandiko yanayoeleza namna ya kuunyoosha mguu wa mtoto kwa mikono na kuufunga vitambaa mara kwa mara. Kuikata kano ya kisigino kupitia tundu dogo la ngozi nako si kugeni. Mjerumani Georg Friedrich Louis Stromeyer alifanya hivyo mwaka 1831. Miaka mitano baadaye alimpasua tabibu kijana kutoka Uingereza, William John Little, ambaye mguu wake ulipinda kwa sababu ya ugonjwa wa polio alioupata utotoni. Little alirudi kwao akitembea vizuri zaidi, akaeneza ujuzi huo mjini London.

Dawa za kulaza mgonjwa na dawa za kuzuia vidonda kuoza zilipopatikana, madaktari walipata ujasiri mkubwa zaidi. Katika karne ya 20 ilikuwa desturi katika nchi nyingi kuufungua mguu kifundo kwa upasuaji mkubwa, kuikata mishipi mingi na kuipanga mifupa upya kwa siku moja. Mguu ulionekana umenyooka, na picha zake zilipendeza. Lakini picha hizo zilipigwa mapema.

Aliyekwenda kuangalia picha za baadaye ni Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, akawatibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, kisha akakimbilia Ufaransa na Meksiko, na mwaka 1941 akafika katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliopasuliwa miguu utotoni. Aliona nyayo ngumu zisizokunjika, misuli dhaifu na maumivu. Kisu kilikuwa kimeacha makovu, na kovu halinyooki kama mshipi ulioumbwa. Kutokana na uchunguzi huo, mwishoni mwa miaka ya 1940, alianza kujenga njia nyingine.

Kwa njia yake, mtoto huanza kutibiwa katika majuma ya mwanzo ya maisha. Wayo huvutwa kwa vidole vya mtaalamu kwa dakika chache bila kumwumiza, kisha hufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta hubadilishwa kila baada ya siku tano hadi saba, na kila mara wayo husogezwa hatua nyingine. Plasta tano au sita huwatosha watoto wengi. Kinachobaki ni kisigino kilichovutwa juu, kwa sababu kano yake ni nene na hairefuki kirahisi. Kwa hiyo watoto wengi huhitaji upasuaji mdogo: sindano ya ganzi, tundu dogo, kano hukatwa, na plasta ya mwisho hukaa majuma matatu. Katika muda huo kano hujiunga tena ikiwa ndefu zaidi.

Ponseti na mwenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1963, lakini wengi hawakuwajali. Upasuaji mkubwa ulikuwa na heshima zaidi. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 45 wa Iowa waliofuatiliwa kwa miaka 30 hivi: kati ya miguu yao 71, asilimia 78 ilikuwa katika hali nzuri au nzuri sana, ilhali kwa watu wasiokuwa na tatizo hilo waliolinganishwa nao kiwango kilikuwa asilimia 85. Tofauti ni ndogo kuliko mtu angedhania. Ponseti alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 95, njia yake ikiwa tayari inatumiwa katika nchi nyingi duniani.

Saa 17,000 za nyumbani

Mtu akisoma habari hizo anaweza kudhani kwamba siri ni ile plasta, au kile kisu kidogo. Sivyo. Mguu uliopinda tumboni mwa mama haupotezi mara moja mwelekeo wake wa kupinda. Mtoto anapokua upesi katika miaka yake ya mwanzo, tishu zile zile zilizokuwa fupi huelekea kuwa fupi tena. Ndiyo sababu plasta ya mwisho ikiondolewa, mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa upau. Mguu uliotibiwa hugeuzwa nje kwa digrii 60 hadi 70, na ule mzima kwa digrii 30 hadi 40. Katika miezi mitatu ya kwanza viatu huvaliwa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo huvaliwa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka mtoto atimize miaka minne au zaidi.

Nawaomba wanafunzi wafanye hesabu pamoja nami. Siku 90 mara saa 23 ni saa 2,070. Miaka mitatu na nusu ni siku 1,277 hivi. Tukihesabu saa 12 tu kwa kila usiku, tunapata saa 15,324. Jumla ni zaidi ya saa 17,000. Sasa tuhesabu saa ambazo mtoto yuko mikononi mwa wataalamu: plasta sita, upasuaji wa dakika chache, na siku za kuja kuangaliwa. Hata tukizidisha, hazifiki 50. Je, tiba hii ni ya nani? Ni ya daktari, au ni ya mama na dada anayemlaza mtoto?

Wachunguzi waliofuatilia watoto hawa wamekuta jambo hilo hilo. Sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda ni kuacha kuvaa viatu vya upau kabla ya wakati. Mguu uliokuwa mbaya sana mwanzoni waweza kudumu vizuri ukitunzwa, na mguu uliokuwa na hali nafuu waweza kurudi ulikotoka ukiachwa.

Basi fikirini tena lile neno tulilomwambia yule mama. Mtu aliyepona haendelei kunywa dawa. Tulipomwambia kwamba mtoto amepona, tulimpa sababu nzuri ya kuvua viatu. Wapo wenzangu wanaosema kwamba wazazi wa namna hiyo ni wazembe. Siafikiani nao. Mama yule alikuja kliniki kila juma kwa majuma sita, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mzembe hafanyi hivyo. Alilokosa ni maelezo, na mtu wa kumtembelea nyumbani siku ile mama mkwe alipotaja pingu.

Mazoezi ni aina ya ualimu

Nimetumia mfano wa mguu kifundo kwa kuwa ndio ninaoufahamu zaidi, lakini kanuni yake inahusu kila upasuaji wa mguu. Chukueni mgonjwa wa ukoma ambaye neva inayopita upande wa nje wa goti imeharibika. Misuli inayoinua wayo hupooza, na mtu huburuta vidole anapotembea. Daktari huweza kuchukua kano ya msuli ulio hai, ambao kazi yake ya asili ni kuuvuta wayo ndani na chini, akaihamishia juu ya mgongo wa wayo ili iuinue. Upasuaji wa kuhamisha kano kwa wagonjwa wa ukoma ulipata sifa kubwa kutokana na kazi ya Paul Brand na wenzake huko Vellore, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940.

Lakini tazameni taabu iliyopo. Ubongo wa mgonjwa umezoea tangu utotoni kuutumia msuli ule kwa kazi nyingine. Daktari amehamisha kano, hakuhamisha mazoea. Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa hufundishwa kuukaza msuli huo peke yake. Plasta ikiondolewa baada ya majuma kadhaa, hukaa kitini, akatazama wayo wake, na kujaribu kuuinua kwa kufikiria mwendo wa zamani. Mwanzoni wayo hutikisika kidogo tu. Kesho unainuka zaidi. Kisha hujifunza akiwa amesimama, na mwisho akiwa anatembea bila kufikiri. Mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto kushika kalamu ataifahamu kazi hiyo. Ni ualimu, na wenye ujuzi wa kuufanya ni walimu wa aina yake.

Hata mwanafunzi aliyevunjika kifundo uwanjani, akafungwa mifupa kwa skrubu, anahitaji mafunzo hayo. Msuli usiotumika hupungua unene na nguvu, na dalili huanza kuonekana katika majuma machache. Kiungo kilichofungwa muda mrefu hukakamaa. Mfupa nao hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, kama alivyoandika daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Mfupa usiobebeshwa mzigo hupoteza uimara. Kano iliyounganishwa hupitia majuma ya kujengwa upya, kisha miezi mingi ya kupanga nyuzi zake, na nyuzi hizo hujipanga vizuri zaidi zikivutwa kwa kipimo kuelekea upande wa kazi yake. Mzigo ukija mapema mno, kiungo huharibika. Ukichelewa mno, kiungo hudhoofika. Kuchagua kipimo hicho, siku kwa siku, ndiyo sayansi ya fiziotherapia.

Tuhesabu kilicho muhimu

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 wito wa kuimarisha huduma za utengamao ifikapo mwaka 2030, na mwezi Mei 2023 mkutano mkuu wake ulipitisha azimio juu ya jambo hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo ingefaidika na huduma hizo. Katika baadhi ya nchi zenye kipato kidogo na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati.

Na bado tunapotangaza mafanikio, tunatangaza idadi ya waliopasuliwa. Madaktari hufika kwa juma moja, miguu mingi hunyooshwa, picha hupigwa, na wageni huondoka. Siwalaumu, kwa maana wametenda jambo jema. Lakini napendekeza tubadili namna ya kuhesabu. Mguu kifundo uhesabiwe kuwa umetibiwa siku ambayo mtoto wa miaka minne anaingia kliniki akitembea kwa wayo mzima. Mgonjwa aliyevunjika kifundo ahesabiwe kuwa ametibiwa siku anaporudi shambani au kazini. Na kila fungu la fedha linalotengwa kwa upasuaji wa mguu liwe na sehemu yake ya viatu, nauli na ufuatiliaji, isiyoweza kupunguzwa kwa ajili ya jambo jingine.

Nitaambiwa kwamba nchi zetu ni maskini na wataalamu ni wachache. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaniunga mkono. Palipo na uhaba, hasara kubwa kuliko zote ni kuipoteza kazi iliyokwisha kufanywa. Mtoto ambaye mguu wake umerudi kupinda huhitaji kufungwa plasta upya, na akiwa amepita umri wa miaka miwili na nusu hivi, huenda akahitaji pia kuhamishiwa kano kutoka upande wa ndani wa wayo kwenda upande wa nje. Gharama hiyo inazidi sana ile ya jozi ya viatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena Afrika ya Mashariki na jirani zake zimekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Huko Uganda, fundi wa vifaa vya viungo kutoka Uholanzi, Michiel Steenbeek, alibuni viatu vya upau vinavyotengenezwa kwa ngozi na chuma cha kawaida kinachopatikana nchini, vikiwa na tundu nyuma ili mama aone kama kisigino kimekaa chini ipasavyo. Daktari Shafique Pirani wa Kanada, ambaye alizaliwa Uganda, alitunga kipimo chepesi cha dalili sita, kila moja ikipewa sifuri, nusu au alama moja, kiasi kwamba mfanyakazi wa afya aliyefundishwa vizuri anaweza kujua kama mguu unaendelea vema bila mashine yoyote. Malawi ilionyesha kwamba maofisa tabibu wa mifupa, ambao si madaktari wa shahada, wanaweza kufunga plasta hizo kwa ufanisi. Na mjini Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa vifaa vya viungo tangu mwaka 1981. Ujuzi tunao. Kinachokosekana ni kuupa heshima sawa na ile tunayokipa kisu.

Shule ina nini la kufanya

Ndugu walimu, nina mambo manne ya kuwaomba.

La kwanza ni la darasani. Mnapofundisha nyenzo katika Fizikia, mwambieni mwanafunzi asimame kwa mguu mmoja, akishika ukuta kwa ncha za vidole, ainuke kwa vidole vya mguu na kushuka polepole huku wenzake wakihesabu. Mtu mzima mwenye afya hutazamiwa kufikisha mara 25 hivi. Shavu la mguu likianza kuwaka moto, ataelewa nguvu inayopita katika kano ya kisigino kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Aliyepasuliwa mguu asishiriki, ila kwa ruhusa ya mtaalamu wake.

La pili ni la mwanafunzi anayerudi shuleni na magongo. Shule nyingi humtendea kwa njia moja kati ya mbili: ama humsamehe kila kitu, akakaa darasani mchana kutwa mpaka kiungo kinakakamaa, ama humdai kila kitu, ikiwa pamoja na kubeba maji na kusimama gwarideni. Mwulizeni maagizo aliyopewa hospitalini. Mpeni dakika za kufanya mazoezi yake, na mahali pa kuuinua mguu usivimbe. Hakikisheni njia ya kwenda chooni inapitika kwa magongo.

La tatu ni la nyumbani. Enyi wanafunzi, ninyi ni kaka na dada. Kama yupo mtoto nyumbani mwenye viatu vya upau, jifunzeni kumvalisha: kisigino kwanza kikae chini, ndipo mikanda ifungwe. Mkunjieni miguu na kuinyoosha yote miwili kwa pamoja kama mchezo, ili azoee. Na mtu akisema ni pingu, mwelezeni kwa adabu kwamba pingu humzuia mtu asiende, nazo hizi huvaliwa usiku ili mtoto aweze kwenda mchana.

La nne ni la kazi za baadaye. Kila mwaka nasikia vijana hodari wa sayansi wakisema wanataka kuwa madaktari wa upasuaji. Nawatakia heri. Lakini wajue pia kwamba ipo kazi ya fiziotherapia, na ipo kazi ya ufundi wa vifaa vya viungo, na kwamba kazi hizo zinahitaji Biolojia, Fizikia na subira. Shule inayozitaja taaluma hizo kwa majina yao, katika siku ya kujadili kazi, imekwisha kufanya jambo kubwa.

Mtoto niliyemtaja mwanzoni alifungwa plasta tena, mara tatu, na mguu ukanyooka kwa mara ya pili. Safari hii hatukumwambia mama kwamba umepona. Tuliketi naye, tukamwita na mama mkwe wake, tukawaonyesha wote wawili kwa kidole jinsi kisigino kinavyotakiwa kuonekana kupitia tundu la kiatu. Bibi aliuliza maswali mengi kuliko mkwewe, kisha akamfunga mjukuu mikanda kwa mikono yake mwenyewe, mara mbili, mpaka aliporidhika. Alipokuwa akitoka, alitaka kujua tarehe ya kurudi. Nikamwandikia.